Wenye glavu nyuma ya wiketi: Otieno, Ouma, Dhoni na barabara ya Nairobi

Muulize mzee yeyote wa Bulyaga, mjini Tukuyu, aliyekuwa kijana mwaka 1986 kuhusu michezo, atakutajia Tukuyu Stars kabla hujamaliza swali. Timu ya mji mdogo wa mlimani ilipanda ligi ya juu na msimu uleule ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Banyambala, kama walivyoitwa, waliacha jina ambalo hadi leo halijafutika vijiweni. Baadaye Sekilojo Chambua alipita hapohapo kabla ya kwenda kung'ara Yanga na Taifa Stars.

Kriketi ni habari nyingine. Rungwe, wilaya ya Tukuyu, ni nchi ya migomba, chai, mvua na kandanda. Mtoto wa hapa anaweza kumaliza sekondari bila kuwahi kushika mpira wa kriketi, na akiuona mchezo wenyewe kwenye televisheni ya kibanda umiza, huomba chaneli ibadilishwe.

Lakini mchezo huo una nafasi moja ambayo mtu wa Tukuyu angeielewa upesi. Ni nafasi ya yule anayechuchumaa nyuma ya vigingi vitatu, mikono ndani ya glavu nene, akisubiri mpira unaokuja kwa kasi kutoka upande wa pili. Huyo ni mlinda wiketi, golikipa wa kriketi. Mmoja wa walinda wiketi wakubwa kuliko wote duniani, Mahendra Singh Dhoni wa India, alianza kama golikipa wa kandanda shuleni kwake mjini Ranchi, na jina lake lilipanda hasa akiwa Nairobi, mwendo wa siku moja na ushee kwa basi kutoka Tukuyu. Wenyeji aliowakuta huko walikuwa na walinda wiketi wao, akiwamo mmoja aliyekuja kuwa nahodha wa Kenya. Namna njia zao zilivyoachana inaeleza mengi kuhusu kriketi ya Afrika Mashariki.

Kazi isiyo na mapumziko

Katikati ya kiwanja cha kriketi kuna ukanda mgumu, na kutoka wiketi moja hadi nyingine ni mita 20.12. Kila wiketi ina vigingi vitatu vyenye urefu wa sentimita 71.1, na juu yake vimelazwa vijiti viwili vidogo visivyofungwa kwa chochote. Mrushaji anatoka upande mmoja, mpigaji anamsubiri upande wa pili na bati lake, na nyuma ya mpigaji ndipo alipo mlinda wiketi. Katika wachezaji 11 wa timu inayorusha, ni yeye pekee anayeruhusiwa na sheria kuvaa glavu na kinga za miguuni.

Anazihitaji. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, umeshonwa kwa nje na kujazwa kizibo na nyuzi ndani, una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na ni mgumu kama ubao. Warushaji wenye kasi huupeleka zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Ukigusa ukingo wa bati hata kidogo na mlinda wiketi akaudaka kabla haujatua, mpigaji ametoka. Mpigaji akivuka mstari wake kumfuata mrushaji wa mipira ya kuzunguka, akaukosa, mlinda wiketi ana nusu sekunde ya kuudaka na kuangusha vile vijiti. Akichelewa, nafasi imepita.

Zamu moja ya ova 50, kila ova mipira sita, ina mipira halali 300, na kwa kila mpira yeye huchuchumaa, huinuka, huruka kushoto au kulia. Mlinzi wa pembeni anaweza kusinzia kidogo na hakuna atakayejua. Mlinda wiketi akisinzia, mpira unapita hadi mpakani na timu pinzani inaandikiwa mikimbio minne ya bure. Akimaliza hapo, anavua glavu na kushika bati. Walinda wiketi wengi wa Kenya walikuwa pia wapigaji wa kufungua dimba: dakika chache tu baada ya kuchuchumaa mara 300, wanarudi uwanjani kukabiliana na mpira mpya.

Kwa sababu yeye ndiye anayemtazama mrushaji usoni na kumwona mpigaji mgongoni, hakuna mchezaji anayeona mengi kuliko yeye. Anajua mpira unakata upande gani, mpigaji amechoka mguu upi, mlinzi gani amesogea bila kuambiwa. Ndiyo maana timu kadhaa zimemkabidhi unahodha. Zipo nyingine zilizokataa kufanya hivyo, zikihofia kwamba mtu mwenye kazi nzito namna hiyo hawezi tena kupanga walinzi, kumtuliza mrushaji aliye mbali naye na kubishana na mwamuzi.

Kutoka Birmingham hadi Pune

Afrika Mashariki haikuchelewa kufika kwenye jukwaa la dunia. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, lililochezwa Uingereza Juni 1975, lilikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Wengi wao walikuwa wenye asili ya Asia, watu wa biashara na ofisi waliocheza mwishoni mwa wiki. Mganda John Nagenda, aliyejulikana baadaye kama mwandishi na mshauri wa Rais Yoweri Museveni, alikuwa mmoja wa warushaji. Glavu za mlinda wiketi zilipokezanwa na Hamish McLeod na Praful Mehta.

Walipigwa mechi zote tatu. New Zealand iliwashinda mjini Birmingham kwa mikimbio 181, huku Glenn Turner peke yake akipiga 171 bila kutolewa. India ikawashinda bila kupoteza wiketi hata moja, na Uingereza kwa mikimbio 196. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Kenya ilipojitenga na kucheza kwa jina lake, sura ya timu ilibadilika. Vijana Waafrika wa Nairobi, wengi wao kutoka familia zilizoishi karibu na viwanja vya klabu, walianza kuchukua nafasi. Mchezo ukawa mali ya nyumba: ndugu watatu wa kina Tikolo, kina Odumbe, kina Suji, baadaye kina Ngoche, ambako kaka na dada walivaa jezi ya taifa. Nyumba ya kina Obuya ilitoa watatu: Kennedy Otieno, David na Collins. Wawili wa kwanza walikuwa walinda wiketi. Wa tatu alikuja kuwa nahodha.

Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies. Hakuna aliyeipa nafasi. Kisha Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote wakati huo, akaugusa mpira wa Rajab Ali na ukaingia kwenye glavu za Tariq Iqbal, mlinda wiketi mwenye miwani ambaye mikono yake haikuwa imetulia siku hiyo. Lara akatoka na mikimbio minane. West Indies wote wakatolewa kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15, na ulimwengu wa kriketi ukalazimika kutafuta Nairobi kwenye ramani.

Katika mashindano hayohayo Kennedy Otieno alipiga 85 dhidi ya Australia mjini Visakhapatnam. Alikuwa na umri wa miaka 23. Glavu zikawa zake kwa miaka mingi iliyofuata.

Otieno na Mashud

Aprili 1997, Kuala Lumpur, Malaysia. Kenya na Bangladesh zinakutana kwenye fainali ya Kombe la ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi), mashindano ya nchi zisizo na hadhi ya juu. Steve Tikolo amepiga 147, mvua imeharibu ratiba, na Bangladesh inahitaji mikimbio 166 katika ova 25. Inaingia ova ya mwisho ikihitaji 11. Martin Suji anarusha mpira wa kwanza, na mlinda wiketi wa Bangladesh, Khaled Mashud, anaupeleka moja kwa moja nje ya mpaka: mikimbio sita. Bangladesh ikashinda kwenye mpira wa mwisho kabisa.

Miezi sita baadaye, Oktoba 1997, Nairobi ilijibu. Kennedy Otieno na Dipak Chudasama walifungua dimba dhidi ya Bangladesh hiyohiyo na kushirikiana hadi mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Hapakuwa na wafunguzi wengine waliokuwa wamefikisha idadi hiyo katika mechi ya kimataifa ya siku moja hadi siku ile. Otieno alipiga 144, Chudasama 122, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 150.

Mwaka 1997, basi, nchi hizi mbili zilikuwa bega kwa bega. Ukipima kwa walinda wiketi wao, Kenya ilikuwa mbele. Mwaka 2000 Bangladesh ikapewa hadhi ya kucheza mechi za Test, zile za siku tano, pamoja na fedha za haki za televisheni na ratiba ya mechi dhidi ya wakubwa. Kenya haikupewa. Mashud akawa nahodha wa taifa lake na kuliongoza kwenye mechi 12 za Test. Otieno hakucheza hata moja, kwa kuwa nchi yake haikuwa na ruhusa ya kuzicheza.

Kombe la Dunia la 2003 lilionyesha kwamba uwanjani pengo lilikuwa bado halijaonekana. Februari 24 jijini Nairobi, Otieno alipiga 60, mdogo wake Collins akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na Sri Lanka ikalala kwa mikimbio 53. Machi 1 mjini Johannesburg, Kenya ikaifunga Bangladesh ya nahodha Mashud kwa mikimbio 32. Mashud aliondoka kwenye unahodha baada ya mashindano hayo. Kenya ilifika nusu fainali, ikasimamishwa na India mjini Durban. Hakuna nchi isiyo na hadhi ya Test iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50, kabla yake wala baada yake.

Otieno alimaliza na mechi 90 za kimataifa za siku moja na zaidi ya mikimbio 2,000. Kwa mchezaji ambaye nchi yake ilialikwa kwa msimu, kama mgeni wa harusi, ni hesabu nzito.

Agosti 2004

Njia ya kriketi ya Kenya na ya Dhoni zikatengana katika mwezi mmoja.

Agosti 2004 Nairobi iliandaa mashindano ya timu tatu: Kenya, India A na Pakistan A, hizi mbili zikiwa timu za pili za nchi zao. India ilileta walinda wiketi wawili, Dinesh Karthik na kijana wa miaka 23 mwenye nywele ndefu aliyekuwa hajulikani nje ya jimbo lake. Dhoni, mtoto wa mfanyakazi wa kampuni ya umma ya MECON mjini Ranchi, aliingia kwenye kriketi baada ya mwalimu wake wa michezo kumwona akiruka golini na kumwambia ajaribu glavu za upande wa pili. Baadaye aliajiriwa na shirika la reli kukagua tiketi katika kituo cha Kharagpur, akicheza huku akikagua.

Karthik aliitwa kwenye timu ya wakubwa, na Dhoni akapata glavu. Dhidi ya Pakistan A alipiga 120, kisha 119 bila kutolewa. Alimaliza mashindano akiwa na mikimbio 362 kwa wastani wa 72.40, na India A ikatwaa kombe. Desemba mwaka huohuo akaitwa timu ya taifa. Mechi yake ya kwanza, mjini Chittagong, alitolewa kwenye mpira wa kwanza kabla hajaandika hata mkimbio mmoja. Aprili 2005 akapiga 148 dhidi ya Pakistan, Oktoba akapiga 183 bila kutolewa dhidi ya Sri Lanka.

Wakati Nairobi ikimpa Dhoni jukwaa, Agosti hiyohiyo Maurice Odumbe, shujaa wa Pune, alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Wachezaji na chama chao walikuwa wakigombana kuhusu malipo, hadi wengine wakagoma. Mwaka 2005 chama cha zamani, KCA, kilivunjika na Cricket Kenya ikaanzishwa. Nchi iliyotoka nusu fainali ya dunia miaka miwili nyuma ikajikuta inajenga ofisi upya.

Septemba 14, 2007 inaweka mambo wazi kuliko hoja yoyote. Siku hiyo, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la ova 20 nchini Afrika Kusini, Kenya ilikubali mikimbio 260 kutoka kwa Sri Lanka mjini Johannesburg, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Jioni, mjini Durban, India na Pakistan zilitoka sare, na mshindi akatafutwa kwa kurusha mpira kwenye vigingi visivyo na mpigaji, mithili ya penalti. Dhoni, aliyekuwa nahodha kwa mara ya kwanza baada ya wakongwe kukaa pembeni, alipiga magoti nyuma ya vigingi, sawia navyo, ili warushaji wake wamlenge yeye. Mlinda wiketi wa Pakistan alisimama pembeni kama mechi ya kawaida. India ilipata mara tatu kati ya tatu, Pakistan haikupata hata moja. Siku kumi baadaye Dhoni akabeba kombe.

Hilo ndilo somo la unahodha wa mlinda wiketi: jambo dogo ambalo ni yeye tu angeliona, kwa sababu ni yeye tu anayejua mrushaji anaona nini akiangalia vigingi.

Zamu ya Maurice Ouma

Kenya nayo ilimpa mlinda wiketi unahodha. Maurice Akumu Ouma, aliyezaliwa Novemba 1982, alikuwa mpigaji wa mkono wa kulia mwenye kucheza bila woga. Kwenye Kombe la Dunia la 2007, dhidi ya Canada huko St Lucia, alipiga 58 na nahodha Tikolo 72 bila kutolewa, na Kenya ikashinda kwa wiketi saba. Ulikuwa ushindi wake pekee mashindano yale, na ndio wa mwisho ambao Kenya imepata kwenye Kombe la Dunia la ova 50 hadi leo.

Mwaka 2009 Tikolo aliachia ngazi, na Ouma akachukua. Aliirithi timu katika saa mbaya. Kizazi cha 1996 kilikuwa kinazeeka, ligi ya nyumbani ilikuwa ya mwisho wa wiki na ya klabu chache za Nairobi na Mombasa, na hapakuwa na mechi za siku nne za kutosha kumfunza mpigaji kukaa kwenye wiketi. Oktoba mwaka huo Zimbabwe iliwafunga mechi nne kati ya tano mjini Harare. Februari 2010 Kenya ilikwenda Falme za Kiarabu kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 na ikarudi mikono mitupu.

Moja ya tiketi hizo ilichukuliwa na Afghanistan. Hapa Watanzania wana kumbukumbu yao: Oktoba 2008, miezi 16 tu kabla ya hapo, Afghanistan hiyohiyo ilikuwa Dar es Salaam ikicheza Daraja la Nne la dunia na Tanzania, Hong Kong, Italia, Jersey na Fiji. Ilishinda mashindano hayo na kuendelea kupanda. Ilipata hadhi ya Test mwaka 2017, na mwaka 2024 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Kenya ilipishana nayo kwenye ngazi, ikiwa inashuka.

Ouma hakudumu kwenye unahodha. Kombe la Dunia la 2011 nahodha alikuwa Jimmy Kamande, na Ouma akabaki na glavu. Kenya ilipoteza mechi zote sita. New Zealand iliwatoa kwa mikimbio 69. Dhidi ya Sri Lanka, Collins na David Obuya pekee ndio waliovuka 50, kabla Lasith Malinga hajaangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Kwenye mechi na Australia mjini Bangalore, Collins alifika 98 na ova zikaisha akiwa bado kwenye wiketi, mikimbio miwili pungufu ya mia. Mwezi uleule, katika nchi ileile, Dhoni aliielekeza timu yake kwenye fainali. Aprili 2 mjini Mumbai alijipandisha kwenye orodha ya wapigaji mbele ya Yuvraj Singh, akapiga 91 bila kutolewa, na kumaliza mechi kwa mpira uliokwenda kwenye jukwaa la watazamaji.

Collins Obuya alikabidhiwa Kenya baada ya hapo, kisha Rakep Patel, ambaye naye ni mpigaji mwenye ujuzi wa glavu. Mapema mwaka 2014, kwenye mchujo wa New Zealand, Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Februari 2018 mjini Windhoek ilishika mkia Daraja la Pili. Nahodha Patel, kocha Thomas Odoyo na mwenyekiti wa chama, Jackie Janmohamed, wakajiuzulu wote.

Kumlaumu Ouma au Patel kwa anguko hilo ni kukwepa ukweli. Dhoni alikuwa na kipaji adimu: aliangusha wapigaji 195 kwa kuwawahi nje ya mstari, rekodi ya dunia, akaongoza India katika mechi 332. Lakini nyuma yake kulikuwa na mashindano ya majimbo, timu A, mwajiri aliyemlipa akicheza, na wateuzi waliomwita timu ya taifa baada ya Nairobi. Ouma alikuwa na mikono na moyo. Ngazi ya kupandia ndiyo iliyokosekana.

Uganda ikapanda

Majirani wa upande wa ziwa walijifunza. Uganda iliwekeza kwenye shule, hasa zile zilizokuwa na utamaduni wa kriketi tangu zamani, na ikawapa wasichana nafasi mapema. Kevin Awino, mlinda wiketi, alikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Uganda iliyofuzu kupitia mchujo wa Afrika na kwenda kwenye mchujo wa dunia nchini Uholanzi mwaka 2018. Novemba 2023 wanaume wakaifunga Zimbabwe kwenye mchujo wa Namibia, mchujo ambao Tanzania pia ilishiriki, na kupata tiketi ya Kombe la Dunia la 2024. Juni 5, 2024 huko Guyana, waliifunga Papua New Guinea kwa wiketi tatu. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne na kuruhusu mikimbio minne tu.

Na sisi je?

Tanzania imekuwa mwanachama wa ICC kwa jina lake tangu 2001, baada ya miaka mingi ndani ya kapu la Afrika Mashariki na Kati. Mchezo umekaa Dar es Salaam: Gymkhana, Annadil Burhani, Leaders Club, Chuo Kikuu. Lakini umeanza kuzaa. Mwaka 2025 vijana wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao, la 2026 nchini Zimbabwe na Namibia.

Tukuyu inaweza kuuliza inahusika vipi. Kikwazo cha kwanza ni mvua, na hapa hakuna mzaha: Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, na kriketi husimama mvua inaponyesha. Ila kuanzia Juni hadi Oktoba anga huwa na huruma kidogo. Tena mchezo huu hauhitaji zulia la nyasi la Mumbai. Kizazi cha Kenya kilichofika nusu fainali ya dunia kilikulia pia kwenye viwanja vya saruji vilivyotandikwa mkeka wa usumba au wa nyuzi. Ukanda wa zege wa mita 20 na ushee kwa upana wa mita tatu, uliowekwa pembeni ya uwanja wa shule, hauharibiwi na masika na hauwazuii wanaocheza kandanda. Watoto wadogo huanza na mpira wa tenisi, bila glavu wala kinga.

Kilichobaki ni watu. Golikipa wa shule ya msingi Bulyaga anayeruka vizuri lakini hana urefu wa kutosha golini ana sehemu nyingine ya kwenda, kama Dhoni alivyokuwa nayo Ranchi, iwapo tu mwalimu wake wa michezo anaijua. Maofisa michezo wa Halmashauri ya Rungwe na Chama cha Kriketi Tanzania wakae meza moja, waanze na shule mbili au tatu za Tukuyu, walete kocha mmoja kwa msimu wa kiangazi na kuwafundisha walimu sheria. Wazazi nao wasiwafukuze watoto watakaoanza kupigia mipira ukutani. Wilaya iliyotoa mabingwa wa kandanda wa 1986 haina sababu ya kusubiri tena miaka 40 kabla ya kujaribu mchezo wa pili.